Mji Usio na Makuli: Kipeperushi cha Meli na Riwaya ya Adam Shafi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado napokea kazi yoyote inayolipa, niliandika ukurasa mmoja wa mambo ya kufanya Mji Mkongwe kwa abiria wa meli za kitalii. Ndizo zile meli nyeupe, ndefu kama mtaa wa maghorofa, zinazotia nanga mbele ya Unguja asubuhi na kuondoka kabla ya magharibi. Kazi ile ilinilipa vizuri kuliko makala yangu yoyote ya siasa, na ilinichukua mchana mmoja tu. Nikaandika milango. Nikaandika karafuu. Nikaandika Freddie Mercury, soko la watumwa, juisi ya miwa pale Forodhani. Nikafunga kompyuta, nikaenda zangu kula.

Nakala moja nilimpelekea ami yangu, Kikwajuni, kwa majivuno ya mtoto aliyesomeshwa. Ami alibeba mizigo bandarini Malindi tangu ujana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Ukurasa ulikuwa wa Kiingereza, kwa hiyo nikamtafsiria mstari kwa mstari, naye akasikiliza, kikombe cha kahawa mkononi. Nilipomaliza akauliza:

"Na hao wageni wanashukia wapi?"

"Bandarini, ami. Malindi."

"Mbona bandari haimo?"

Nikamwambia watu hawaji kutazama bandari, wanapita tu pale, wakishatoka getini ndipo matembezi yanaanza. "Aa," akasema. "Kumbe." Akarudi kwenye kahawa yake. Hakusema zaidi, na ningeona afadhali angenigombeza.

Makala hii inatokana na ile "kumbe". Nataka kukisoma kipeperushi cha meli kama tunavyosoma riwaya hapa, yaani kwa kukiuliza nani anasema, nani anasemwa, na nani kaachwa nje. Halafu nitakiweka kando ya kitabu kimoja ambacho, kwa maoni yangu, ndicho kingekuwa mwongozo bora wa mji ule: *Kuli* ya Adam Shafi, iliyotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1979.

Nianze kwa kukitendea haki kipeperushi. Si uandishi wa kudharau. Kina sharti moja ambalo mashairi yetu ya vina na mizani hayana: msomaji ana muda wa saa sita tu (nasema muda, si adhuhuri), na akichelewa meli inamwacha. Mwandishi wa riwaya anaweza kutumia kurasa kumi kabla mhusika hajatoka chumbani. Wa kipeperushi hana ruhusa hiyo. Kila sentensi lazima ijue inakula dakika ngapi za mtu. Nimesoma wasifu wa wanasiasa wetu wenye kurasa 400 ambao haukuwahi kujiuliza swali hilo, na ungefaidika sana kama ungejiuliza.

Lakini angalia vitenzi vyake. Kipeperushi huandikwa kwa amri: tembea, onja, nusa, patana bei, piga picha. Ni vitenzi vya macho, pua, ulimi na mfuko. Sijakutana na kipeperushi kinachomwambia mgeni *uliza*, wala *subiri*, wala *kaa chini*. Mji unakuwa kitu cha kupokelewa na mwili, kama chakula. Hili nalo si jipya. Wazungu wa karne ya 19 waliofika Unguja kwa meli waliuandika mji huu kwa pua zao kwanza. Livingstone aliligeuza jina la Zanzibar kuwa mzaha kuhusu uvundo wake. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi pua inaambiwa ifurahi: uvundo umeondoka, umeingia mdalasini. Mwenye pua ni yuleyule, na bado yeye ndiye anayesimulia.

Tazama pia mpangilio wa vituo, kwa sababu kwenye vipeperushi mpangilio ndio ploti. Unatoka getini. Unafuata ufukwe mpaka Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Unaonyeshwa Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, na unaambiwa ndilo lililokuwa la kwanza kuwa na umeme na lifti katika Afrika Mashariki. Vipeperushi hupenda sana neno "kwanza". Jumba hilo liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, na watu 2 waliokuwa kazini humo wakafariki. Kwenye karatasi za watalii habari hiyo imekuwa maneno matano: limefungwa kwa ajili ya ukarabati. Maneno matano hayo si uongo. Ila msomaji anabaki akisikitikia jengo.

Halafu Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Kianglikana. Hapa kipeperushi hubadili sauti, na kinapaswa kubadili. Soko la watumwa lilikuwa hapa mpaka lilipofungwa mwaka 1873, na kanisa likajengwa juu ya ardhi yake chini ya Askofu Edward Steere, yule aliyechapa hadithi za Waswahili na kitabu cha sarufi yetu. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, watu waliosimama shimoni na minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kituo hiki kiondolewe. Ningekuwa na saa moja tu ya kumpa mgeni, ningempeleka huko.

Shida iko kwenye kituo kinachofuata. Ukitoka Mkunazini, kipeperushi kinakupeleka kwenye milango ya kuchonga na vile vijiti vyake vya shaba, eti asili yake ni kuzuia tembo huko India (Unguja hatuna tembo, lakini hadithi ni tamu). Kinakupeleka Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Kinakupeleka Forodhani ukale. Nikipanga vituo hivyo kwa tarehe, naona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nikiandika ukurasa wangu mwenyewe: kwenye simulizi hii, kazi ya kubeba inaisha mwaka 1873. Kabla ya hapo kuna wanaobebeshwa, na tunawalilia. Baada ya hapo hakuna anayebeba chochote. Karafuu zinafika melini zenyewe. Mawe ya matumbawe yanapanda ukutani yenyewe. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar mpaka 1897, na nusu karne baada ya hapo wajukuu wa watu hao, pamoja na vibarua kutoka bara, walikuwa wangali kwenye gati lilelile na magunia yaleyale mabegani. Kipeperushi hakina nafasi yao kwa sababu hawafai kuliliwa, wala hawapendezi pichani.

Na hapa nakiri. Sikuwaficha kwa makusudi. Nilikuwa na ami kuli, na hakunijia akilini. Hivyo ndivyo utanzu unavyofanya kazi: unakukabidhi orodha ya vituo kabla hujaanza kufikiri, nawe unajaza.

Kwa mwenye Kiswahili, hata hivyo, mji unakataa kunyamaza, kwa sababu majina ya mahali yamehifadhi kile ambacho karatasi imekiacha. Forodhani: mahali pa forodha. Mgeni anaambiwa ni bustani ya kula pweza na "piza ya Zanzibar" jioni, na kweli ni bustani, iliyotengenezwa miaka ya 1930 na kukarabatiwa upya mwaka 2009. Lakini jina linasema hapa palishushwa mizigo, pakahesabiwa, pakatozwa ushuru. Darajani: ukitafuta daraja hutaliona, maana hori la maji lililokuwa likiugawa mji lilifukiwa. Ng'ambo: ng'ambo ya nini? Ya maji hayohayo ambayo hayapo tena. Upande huu waliishi wenye majumba ya mawe, upande ule wakaishi waliowapikia, waliowafulia na waliowabebea. Maji yamekwenda, neno limebaki. Funguni, nyuma ya bandari, ni penye fungu la mchanga. Mizingani ni penye mizinga. Mtu anayejua lugha anaweza kusimama kwenye ramani ya mji huu na kuisoma kama daftari la bandari. Kipeperushi huyaacha majina hayo bila kuyafasiri, kama vile ni muziki tu. Mgeni anatamka "Forodhani" kwa ulimi mtamu, na hajui kwamba ametamka ushuru.

Hebu sasa tuulize fasihi yenyewe imefanya nini na mji huu unaofikiwa kwa meli. Nitapita haraka kwa wawili kabla sijafika kwa Shafi, kwa sababu wote wawili waliona jambo.

Wa kwanza ni Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyetoroka mwaka 1866 kwa manowari ya Waingereza na baadaye akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zina sura ya mwisho ambayo nadhani ndiyo simulizi ya ajabu kuliko zote za mtu aliyesimama bandarini Unguja kwa muda mfupi. Alirudi mwaka 1885 kwa meli ya Wajerumani. Kaka yake Barghash hakumpokea. Basi akawa mgeni wa meli katika mji aliozaliwa: anashuka, anatembea mitaani, watu wanamsalimu, anarudi melini. Anachokiona zaidi ni kilichobomoka. Ukimsoma unagundua kwamba saa chache za mgeni zinaweza kubeba maumivu, ilimradi anayeshuka ana kitu alichokiacha pale. Bado ni binti wa mfalme, lakini. Mizigo ya safari yake haina uzito wowote kwenye kurasa zile.

Wa pili ni Abdulrazak Gurnah. *By the Sea*, ya mwaka 2001, hukumbukwa kwa lile sanduku la udi ambalo Saleh Omar ananyang'anywa uwanja wa ndege wa Gatwick. Lakini kabla ya ukimbizi, Saleh Omar ni mwenye duka la samani, na wateja wake ni Waingereza wa serikali ya kikoloni na abiria wa meli zilizokuwa zikipita kati ya Afrika Kusini na Ulaya. Yaani wageni wetu haohao, wa saa chache. Gurnah anawageuzia kioo: sasa ni mwenyeji anayewatazama wao wakitazama. Tunaona wanavyotaka kitu kizuri, na wanavyotaka kukipata bila kukidai kwa nguvu, na tunaona mwenye duka anavyojifunza ladha yao mpaka ladha hiyo inaanza kuwa yake. Ni uchambuzi mkali kuliko makala yoyote ya kulalamikia utalii. Niliisoma kwa Kiingereza nikiwa chuo na nikaona haya kwa mara ya kwanza. Hata hivyo Gurnah anatuketisha ndani ya duka. Mlangoni tunawaona wanunuzi, na ndani tunamwona muuzaji. Meza ikishauzwa, lazima mtu aiinue.

*Kuli* inaanzia kwenye kuinua huko.

Kwa ambao hawajaisoma: Rashidi ni kijana maskini, mtoto wa kuli, anayeishia kuwa kuli mwenyewe katika bandari ya Unguja ya miaka ya 1940. Mshahara haukutani na bei za sokoni baada ya vita. Kazi ni ya kibarua, leo ipo kesho haipo. Polepole anaanza kuelewa kwamba umaskini wake una mpangaji, na kitabu kinaelekea kwenye mgomo. Mgomo huo si wa kubuni. Ulianzia bandarini Agosti 1948, na kufikia Septemba ulikuwa umeenea mjini kote, ukiwachukua hata watumishi wa majumbani. Kwa muda wa wiki kadhaa bandari ya karafuu ilikaa na mizigo yake.

Sitasema kwamba *Kuli* ni riwaya bora ya Shafi. Siyo. *Vuta N'kuvute* (1999), ambayo wengi wetu tuliisoma shuleni na ambayo Amil Shivji aliifanya filamu mwaka 2021, ina Yasmin na Denge, ina ucheshi, ina mapenzi yanayomchanganya msomaji asijue amlaumu nani. *Haini*, iliyotokana na kukamatwa kwa watu baada ya kuuawa kwa Karume mwaka 1972, ina hofu ambayo haijaigwa na mtu. *Kuli* ni kitabu cha mwandishi ambaye bado hajawaamini wasomaji wake. Wahusika wanasimama na kuhutubia. Mzungu ni mbaya tangu anapoingia, na msomaji hapewi kazi ya kumgundua. Wanawake wapo ili kusikitika au kungoja. Mara mbili nimejaribu kumpa rafiki yangu asiye mpenzi wa siasa, mara mbili amenirudishia akiwa hajafika nusu.

Lakini kuna jambo ambalo kitabu hiki kinalijua na ambalo wale wengine hawalijui, nalo ni uzito. Mtu anapobeba gunia ndani ya *Kuli*, gunia lina kilo. Shafi anaandika jua la bandarini, kamba, winchi, jasho linaloingia machoni huku mikono yote miwili imeshikwa na kazi. Mwili hapa haunusi mdalasini. Ukirudi kwenye vitenzi, utaona tofauti: *beba, shusha, panda, vuta, subiri*. Hasa subiri. Kuli ni mtu anayesubiri: asubiri meli, asubiri kuchaguliwa, asubiri malipo. Mgeni wa saa sita amekatazwa kusubiri, kwa sababu kuna watu wengine waliokwisha kusubiri kwa niaba yake.

Nilijaribu kumsomea ami. Jioni tatu au nne, barazani, mimi nikisoma kwa sauti, jirani mmoja na mtoto wake wakisikiliza. Penye hotuba ami alinikatiza.

"Huyu hasemi, huyu anahutubia. Nani aliyekuwa na pumzi ya kusema hivyo ukishashusha?"

Penye kazi hakunikatiza hata mara moja. Nilimwona bega la kulia likipanda kidogo, kama mtu anayepisha mzigo ukae vizuri. Kuhusu 1948 yeye hakuwa amezaliwa, lakini baba yake, babu yangu, alikuwapo. Nikauliza babu alisimulia nini. Ami akafikiri kitambo. "Alisema walikaa nyumbani. Basi. Watoto walishangaa kumwona baba yao mchana."

Nimesoma uchambuzi mwingi wa *Kuli* unaozungumzia tabaka na mwamko. Sijasoma unaonipa mgomo kwa udogo huo: watoto wanamwona baba yao mchana. Kitabu chenyewe kingefaidika na sentensi kama hiyo, na nasema hivyo kwa mapenzi.

Sasa, kwa kuwa nilianza na kipeperushi, nisikimbie swali lake. Mtu anashuka Unguja, ana saa sita, afanye nini?

Asikimbilie kutoka. Mara nyingi meli kubwa za kitalii hutia nanga nje na abiria huletwa nchi kavu kwa mashua. Hivyo ndivyo mizigo ilivyokuwa ikienda na kurudi siku za babu, kwa matishali, meli kubwa ikingoja kwenye kina. Mgeni anafika Unguja kwa njia ileile ya karafuu, ila yeye anakwenda upande wa pili. Akae na wazo hilo dakika tano pale gatini, hata kama mapapasi wameshamzunguka. (Papasi ni kupe, kwa wasiojua, ndivyo tunavyowaita vijana wanaong'ang'ania wageni. Neno kali. Baadhi yao ni watoto wa makuli.)

Kisha aende soko la samaki, Malindi na Funguni, wakati mashua zimeingia. Huko atawaona watu wanaobeba, leo, mwaka huu. Asiwapige picha mpaka wamejua jina lake. Apite Mizingani mpaka Mtini, ule mti mkubwa ambao chini yake wenye mashua hungoja wateja. Ngome aitazame kwa nje tu, inatosha. Milango ataiona atake asitake, haina haja ya ratiba. Mkunazini aende, na akae, na akitoka asielekezwe moja kwa moja kwenye maduka ya vinyago. Badala yake ateremke Darajani, avuke barabara pale maji yalipokuwa, aingie Ng'ambo. Ni mwendo wa dakika chache na vipeperushi vingi haviuhesabu kama sehemu ya mji. Kikwajuni, Miembeni, Michenzani yenye yale maghorofa marefu ya miaka ya Mapinduzi. Kuna kahawa kwenye vikombe vidogo, kuna wazee kwenye mabaraza, kuna urojo. Hakuna cha kuona, ataambiwa. Akae hivyohivyo. Ikibaki saa moja arudi Forodhani anywe juisi yake ya miwa, kwa sababu ni tamu kweli na sina ugomvi na utamu.

Najua pingamizi. Rafiki yangu mmoja mtembeza wageni, mtu msomi na mcheshi, aliniambia hivi nilipomsimulia mpango huu: "Dada, hao watu wamelipa likizo. Unataka kuwapa mgomo?" Ana hoja. Yeye analisha watoto kwa milango ile na tembo wake wa India, nami nalisha nini kwa makala za tahakiki? Tena utalii wa umaskini ni uchafu wenyewe. Sitaki basi la wageni liegeshwe Kikwajuni kumtazama ami akinywa kahawa. Kama uchaguzi ni kati ya mji wa milango na mji wa kuonyeshana wazee, basi afadhali milango.

Ila sidhani kama uchaguzi ni huo. Kipeperushi hakihitaji kumpeleka mtu kwa ami. Kinahitaji sentensi. Mgeni anayeweza kusimama Mkunazini na kubeba habari ya mwaka 1873 bila likizo yake kuharibika, anaweza pia kusimama gatini na kubeba habari ya mwaka 1948. Tena hiyo ya pili ina ahueni ndani yake: watu walisema hapana, wakakaa nyumbani.

Basi mwaka uliofuata niliwaandikia wale walionipa kazi, nikawaomba waongeze sentensi moja mwanzoni mwa ukurasa, bila malipo. Niliwaandikia hivi: kabla hujatoka getini geuka nyuma utazame gati, hapa ndipo makuli walipoacha kazi mwaka 1948 na mji mzima ukasimama pamoja nao. Walinijibu kwa adabu kwamba nafasi haitoshi, na kwamba wasomaji wao hupendelea habari chanya.

Nilimsomea ami ile sentensi, nikidhani nimelipa deni. Akaniuliza nimeandika geti lipi. Nikamwambia hilo wanalotokea wageni.

"Geti tulokuwa tukingojea sisi si hilo," akasema, na akaanza kunichorea kwa kidole kwenye sakafu ya baraza, hapa ghala, hapa winchi, hapa karani anakaa na daftari lake, sogea basi uone, umenikalia bahari.